Zambarau ya Mvua, Kijani cha Vumbi

Dominika ya kwanza ya Majilio padri hufika kigangoni kwa pikipiki, suruali imelowa tope mpaka magotini, kisha hufungua begi na kutoa kasula ya zambarau. Nje nchi imekwisha kuwa kijani. Mvua imenyesha, nyasi zimeota hata katikati ya njia ya ng'ombe, na mbuyu uliokaa mtupu kiangazi chote umevaa majani. Hesabu miezi sita mbele. Pentekoste imepita, padri yuleyule ametoa kasula ya kijani, naye ataivaa Dominika baada ya Dominika hadi Novemba, ukiacha sikukuu chache. Nje ya mlango sasa hakuna jani. Kuna vumbi, kuna mabua, kuna mto uliobaki mchanga mtupu ambao wanawake wanaufukua kutafuta maji. Ndivyo Kanisa linavyovaa hapa kwetu Kimali, na ndivyo linavyovaa kote katika nyanda za Simiyu, toka Bariadi kushuka Meatu: kinyume cha nchi.

Mshonaji hana kosa. Kalenda ya Kanisa ilikomaa kaskazini mwa dunia, kwa watu waliopanda ngano na kukamua zabibu. Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, uliagiza Wakristo wote waiadhimishe Pasaka Jumapili moja, na kanuni iliyokuja kutumika ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21, ndiyo maana Pasaka hutangatanga kati ya Machi 22 na Aprili 25. Kwa wenyeji wa Roma na Antiokia hayo ni majira ya kuchipua. Krismasi nayo ikakaa pale usiku unapokuwa mrefu kuliko wote.

Wahubiri wetu wengi hulivuka jambo hili kwa kukopa. Desemba huhubiri nuru inayoushinda usiku mrefu, ilhali huku, nyuzi tatu hivi kusini mwa Ikweta, usiku wa Desemba na wa Juni hupishana kwa dakika ishirini hivi tu, na ulio mfupi ni huo wa Desemba. Naona tunakopa pasipo haja. Ukiuacha mwaka wa Kanisa ukae juu ya mwaka wa mkulima bila kuunyoosha, pengine utakwenda nao na pengine utagongana nao. Imani ya watu wa Simiyu mimi huiona vizuri zaidi hapo panapogongana.

Chukua Majilio yenyewe. Pamba hupandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba, na Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa zao hilo nchini. Kusubiri, basi, hakuhitaji kufundishwa mimbarini. Mtu amekaa tangu Oktoba akitazama mawingu yanajikusanya jioni, yanapita juu ya kichwa chake na kwenda kuwanyeshea wengine. Akisikia katekista anasoma habari za kukesha na kutojua siku wala saa, hana haja ya maelezo.

Lakini linakuja swali ambalo sijalisikia likijibiwa sawasawa. Mvua ilikata majuma mawili, mbegu zinaelekea kuungua ardhini, halafu Jumamosi usiku inanyesha kubwa. Unyevu utadumu siku mbili, tatu ukibahatika. Plau ni ya ndugu na ng'ombe wanakwenda kwa zamu. Zamu yako ni kesho, na kesho ni Jumapili ya Majilio. Mzee wa kanisa jirani la Kiprotestanti, Africa Inland Church (AIC), atakuambia Siku ya Bwana ni Siku ya Bwana. Katekista wako mwenyewe ana ekari zake nne zinazomngoja, basi anatazama pembeni. Yesu aliuliza nani asiyemtoa ng'ombe wake kisimani siku ya Sabato. Ila ng'ombe wa Kimali hajatumbukia popote, kasimama tu na nira shingoni akikusubiri. Nimewaona waliolima tangu alfajiri mpaka saa tatu, wakanawa, wakaingia ibadani na udongo mweusi ungali kwenye kucha. Nimewaona pia walioiacha zamu ipite, wakalima Jumatano ardhi ikiwa imeanza kukaza, na pamba yao ikaota kwa mabaka. Sitathubutu kusema nani kati yao alimheshimu Mungu zaidi. Wote waliamka saa kumi na moja wakiwa na Majilio kifuani.

Na si kila mkulima Mkristo wa mkoa huu aliye na Majilio ya kugongana nayo. Injili ilifika pwani ya Simiyu na kalenda ikiwa mkononi: wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifungua kituo Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, mwaka 1888, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Busega. Kitabu chao cha sala kilikuwa na Majilio, Kwaresima na Dominika za Utatu zote zimepangwa. Mwaka 1909 wakakikabidhi kituo hicho kwa Africa Inland Mission, watu waliotoka madhehebu mbalimbali, ambao uzito wao ulikuwa kwenye Biblia, wongofu na Jumapili. Ndiyo asili ya AICT, yaani AIC ya Tanzania, kanisa kubwa la Kiprotestanti Usukumani. Majivu na zambarau havina nafasi kubwa kwao. Krismasi, Ijumaa Kuu na Pasaka wanaviadhimisha, na wanaviadhimisha kwa nguvu. Kalenda ndefu ikarudi kwa mlango wa Wakatoliki, kwanza kwa Mapadre Weupe, waliokuwa wamejenga Bukumbi tangu mwaka 1883, baadaye kwa Wamaryknoll kutoka Marekani waliokuja katika miaka ya 1950. Kikanisa eneo hili wakati huo liliitwa Maswa, kabla ya kuwa Jimbo la Shinyanga mwaka 1956. Matokeo yake ni kwamba katika kijiji kimoja, Jumatano ya Majivu, nusu ya Wakristo wana alama nyeusi kwenye paji la uso na nusu nyingine wanawauliza kama wameinamia jiko vibaya.

Utani huo una ukweli mchungu ndani yake, kwa sababu jikoni kwenyewe mwezi huo hakuna mengi. Kwaresima huangukia Februari na Machi. Mavuno ya mwaka jana yamefika chini ya kihenge. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa Julai, vimekwisha, mboga iliyobaki ni nsansa, yaani majani makavu ya kunde, au majani mabichi ya kunde yakiwahi. Na ndio wakati wa palizi, mgongo umepinda tangu asubuhi. Kanisa Katoliki linawataka waumini wa miaka 18 hadi 59 wafunge Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu: mlo mmoja kamili, na nyama isiliwe. Sheria hiyo ikitangazwa kigangoni, iko nyumba inayoisikia kama habari yake yenyewe ya kila siku. Mlo mmoja wanao. Nyama waliila Krismasi.

Zamani nilidhani hali hii inaifanya Kwaresima ya huku kuwa ya kinafiki kidogo, kama kumwagiza mtu aliyelowa aoge. Leo naiona tofauti. Ijumaa na Jumamosi zinazofuata Majivu, Kanisa husoma sura ya 58 ya Isaya, pale nabii anapowakaripia wafungao huku wakiwakandamiza vibarua wao. Somo hilo, likisomwa Februari katika nyanda za pamba, linajua linamwendea nani. Ndio mwezi ambao mwenye nafaka humkopesha asiye nayo gunia moja ili arudishiwe mawili. Ndio mwezi ambao mwenye fedha hununua pamba ingali shambani, kwa bei ya mwenye shida. Hao huja kupakwa majivu kama wengine. Kwaresima ya Februari, huku kwetu, ni ya mwenye ghala. Asiye na kitu ameshafunga, naye hana anachodaiwa zaidi ya kutoichukia dunia. Niliwahi kumsikia padri mmoja akilisema hili waziwazi, na wafanyabiashara wawili wa nafaka walikuwa benchi la mbele. Mmoja wao alikohoa mpaka mwisho wa mahubiri.

Jumuiya ndogondogo hufanya kazi yake zaidi hapo kuliko mimbari. Nyumba kumi au kumi na mbili hukutana kila juma, husoma neno, kisha hujadili habari za majirani. Mgonjwa asiyeweza kupalilia anajulikana, na Jumamosi watu wanaingia shambani kwake na majembe. Ujumbe wa Kwaresima wa maaskofu, ule unaotolewa na Baraza lao kila mwaka, hufika kigangoni umechelewa na wakati mwingine haufiki kabisa. Palizi ya shamba la mgonjwa haijasubiri kijitabu.

Juu ya Pasaka sina mengi. Mahindi mabichi yameanza, maboga yapo, watoto wanacheka. Kwa kuwa sikukuu hii hufuata mwezi mpevu, watu wanaotoka ibada ya Alhamisi Kuu hurudi nyumbani kwa mwanga wa mwezi iwapo masika haijaufunika, na wasio na tochi hushukuru. Ni sikukuu ambayo kalenda na shamba vimekubaliana.

Baada ya Pentekoste mambo huwa matamu, na hapa lazima nitoke Simiyu kidogo niende Bujora, karibu na Kisesa ya Mwanza. Paroko wa huko katika miaka ya 1950 alikuwa Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Mapadre Weupe. Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, ambayo Papa Urbano wa Nne aliiagiza kwa Kanisa zima mwaka 1264, ina desturi ya maandamano ya Ekaristi na kutupa maua njiani. Huangukia mwishoni mwa Mei au Juni. Clement aliona kitu ambacho wengi kabla yake walikiona kama kikwazo tu: Juni ndio mwezi Wasukuma wanapocheza. Mavuno yameingia, jembe limetundikwa, na pande mbili za kale za ngoma, Bagika na Bagalu, zinatafutana. Kila upande husimama kwenye duara lake, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Wapo Bagobogobo wanaorusha majembe hewani, wapo Bayeye na nyoka zao. Maandamano ya Ekaristi na mashindano ya ngoma vikaunganishwa kuwa sikukuu moja, Bulabo, yaani maua, na hadi leo huchezwa kila Juni. Kanisa lenyewe la Bujora likajengwa kwa sura ya makao ya mtemi, altare ikiwa na umbo la kiti chake cha enzi.

Wapo waliomwona amekosea, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Mashindano hayo hayakuwa ya miguu peke yake. Kiongozi wa ngoma alitafuta dawa ya kuvuta watu, na mpinzani wake alitafuta dawa ya kuizima dawa hiyo. Ukimleta Bwana katikati ya uwanja huo, unaubariki au unautumia? Watu wa AIC wengi walijibu kwa kujitenga na ngoma kabisa, na msimamo wao umewagharimu: kijana anayeokoka Juni anapoteza marafiki mwezi huohuo. Mimi niko upande wa Clement, ila kwa sababu isiyo ya utamaduni. Nampenda kwa kuwa aliliona pengo. Juni Kanisa linaingia kwenye miezi yake mitulivu, nchi inaingia kwenye miezi yake ya kelele, na yeye hakukubali Kanisa liwe limelala.

Maana kelele yenyewe ni ya fedha. Msimu wa kununua pamba hufunguliwa Mei. Mizani za AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, zinatoka, marobota yanapangwa chini ya mti, na mtu ambaye Februari alikuwa na mlo mmoja anakunja noti mfukoni. Mahari zinalipwa, ng'ombe wanabadilisha mazizi, pikipiki mpya zinapita na nailoni bado kwenye kiti. Yote hayo ni halali na ni furaha. Lakini kila anayeishi huku anaijua pia hadithi nyingine. Mama na watoto walipalilia mara tatu, wakachuma pamba kwa vidole hadi ikawachana ngozi. Baba akaenda mizani peke yake, akapotelea mjini juma zima, akarudi na redio. Au akarudi na mke mwingine. Anayejaribiwa na shetani huku hajaribiwi Kwaresima, akiwa na njaa jangwani. Hujaribiwa Julai, ameshiba.

Na Julai Kanisa linaiita Kipindi cha Kawaida. Hakuna majivu, hakuna Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa, hakuna kinachomwambia mtu asimame. Serikali imejua kuitumia miezi hii kuliko sisi: Nane Nane, sikukuu ya wakulima, huangukia siku mbili tu baada ya Kugeuka Sura kwa Bwana, na Bariadi iliiandaa kitaifa mwaka 2018 pale Nyakabindi. Watu walijaa. Siku mbili nyuma yake, Bwana aligeuka sura mbele ya wachache mno kuliko hao. Masomo nayo husaidia mara moja kila miaka mitatu: katika Mwaka C, Dominika ya 18 huleta mfano wa tajiri anayebomoa ghala ili ajenge kubwa zaidi, na mwaka 2025 ulisomwa Agosti 3, pamba ikiwa imekwisha kuwa fedha mfukoni. Miaka mingine miwili hali huachiwa bahati na padri.

Najua mtu atasema kalenda haiguswi. Inaguswa, na imekwisha kuguswa. Karibu mwaka 470, huko Vienne, katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, Askofu Mamertus aliwaamuru watu wake wafunge na kuandamana wakiomba, siku tatu kabla ya sikukuu ya Kupaa, kwa sababu mji ulikuwa umepigwa na maafa. Hizo ndizo siku za maombi ambazo baadaye zilienea Ulaya yote, padri akitembea mipakani mwa mashamba na kuyabariki. Kalenda ilipotengenezwa upya chini ya Papa Paulo wa Sita mwaka 1969, siku hizo, pamoja na mifungo ya majira manne, hazikufutwa: mabaraza ya maaskofu yaliachiwa yapange lini na namna gani, kwa kadiri ya mahitaji ya nchi zao. Mlango uko wazi tangu hapo. Huku kwetu tumeutumia kuombea mvua, na ni haki yetu, maana tangu utemi ufutwe kisheria mwaka 1963 hakuna mtemi wa kumwendea mvua ikikata. Kuomba mvua tunajua. Kufunga mvua ikishageuka kuwa fedha hatujajaribu.

Wasukuma hawana haja ya mwanateolojia awaeleze jambo hili, kwa kuwa wana ngitili. Mvua zinapoanza, majani yakiwa tele na hakuna mnyama mwenye njaa, mwenye kaya huliwekea mpaka eneo la malisho, na kuanzia hapo ng'ombe haingii. Kwa mgeni inaonekana ukatili wa ajabu: nyasi zinafika kiunoni na ndama anachungwa nje ya mpaka. Eneo hilo hufunguliwa kiangazi kikikolea, kwingine kote kukiwa vumbi. Desturi hii ilikaribia kufa. Ulipoanza mradi wa kuhifadhi ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, wakati Bariadi, Maswa na Meatu zingali sehemu ya mkoa huo, zilibaki hekta mia chache tu. Miongo miwili baadaye zilihesabiwa katika mamia ya maelfu. Watu hawakufundishwa kitu kipya. Waliruhusiwa kuendelea na walichokijua. Mfungo wa kweli hufuata mwendo huo: unajiwekea mpaka ukiwa nacho. Anayejizuia kihenge kikiwa kitupu anavumilia tu, na uvumilivu ni jambo jema, ila ni jambo jingine.

Kwa hiyo natamani kuona kigango kimoja, hata kimoja tu, kikiweka majuma mawili ya mfungo pale mizani zinapofunguliwa. Siku ya kuuza pamba mume na mke waende pamoja, fedha ihesabiwe mezani mbele ya watoto, aliyekopesha gunia apokee gunia, na Ijumaa za Julai pombe isinywewe. Zambarau si lazima. Hata kijani kilekile kingefaa.

Kilichopo kwa sasa ni sikukuu ya mavuno, ambayo watu waliianzisha kwa moyo kuliko kwa maagizo, na ambayo Wakatoliki, Walutheri na AIC wote wanayo, kila mmoja kwa siku yake. Mbele ya altare yanalundikana magunia ya mtama, maboga, mayai ndani ya sufuria, ndoo ya choroko, mbuzi anayekataa kunyamaza wakati wa sala ya mageuzo. Baada ya baraka hakuna anayeondoka, maana mnada unaanza uwanjani. Boga linauzwa kwa bei ya mbuzi. Mtu ananunua kuku, anamrudisha auzwe tena, anamnunua tena, na mwisho anamkabidhi bibi mjane aliyekaa kwenye mkeka. Kuna sadaka ndani yake na kuna majivuno ndani yake, na sijui mizani ya kuvitenganisha. Jogoo mwekundu amefika bei ambayo imewafanya wanakwaya wapige vigelegele, mzee aliyeuza pamba juma lililopita ameinua mkono tena, mkewe anamvuta shati kwa nyuma, na mnadishaji anauliza kama kuna anayeongeza.